Klachi mpya, hitilafu ya zamani: Probox moja pale Eldas

Leo naweka pembeni habari za seva na hifadhidata, tunaingia chini ya gari. Wale mliozoea kuja hapa kwa ajili ya kompyuta msiondoke, maana swali ni lile lile linalotusumbua kila siku kazini: umebadilisha kitu kimoja, kitu kile kimekubali, halafu mara tu baada ya hapo jambo jingine linaanza kuleta shida. Je, kosa liko kwenye kile ulichobadilisha, au umefunua kitu kilichokuwa kimejificha muda mrefu?

Watu wengi hujibu haraka: "Umegusa wewe, basi ni wewe. Fungua tena." Mimi nasema pima kwanza. Nitawaeleza kwa nini.

Kwa nini nyumbani?

Eldas ni mji mdogo katika kaunti ya Wajir, kaskazini magharibi mwa mji wa Wajir wenyewe, katika eneo lililoitwa Mkoa wa Kaskazini Mashariki kabla ya kaunti kuanza kazi mwaka 2013. Barabara zetu ni mchanga, vumbi, na wakati wa mvua matope. Gari la nyumbani ni Toyota Probox yenye injini ya 1NZ na gia tano za mkono. Linabeba maji, linabeba unga, linabeba watoto wa shule, na usiku mtu akizidiwa linageuka ambulansi. Klachi ikifa, si mtu mmoja anayekwama, ni boma zima.

Kuna jambo jingine la kuwaambia wapenzi wa Probox. Gari hili lilitoka Japani mara ya kwanza mwaka 2002, na lile la gia za mkono lilitengenezwa hadi toleo la kwanza lilipofungwa mwaka 2014. Toleo lililofuata lilikuja na gia za kujibadilisha zenyewe. Sasa Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika likiwa na umri wa zaidi ya miaka 8. Piga hesabu mwenyewe: Probox ya pedali tatu haiji tena kwa njia ya bandari. Zilizopo ndizo hizo. Ukiwa nayo unaitunza kama programu ya zamani ambayo mwandishi wake ameshaondoka, lakini ofisi nzima inaitegemea.

Klachi inafanya nini hasa

Kwa ufupi, kwa wasiojua. Injini inazungusha gurudumu zito la chuma, flaiwili. Juu yake imebanwa sahani yenye nyuso zinazoshika, na juu ya sahani kuna kifuniko chenye springi pana ya chuma kinachoitwa presha pleti. Sahani imekaa kwenye meno ya shafti inayoingia giaboksi. Springi ikibana, injini na giaboksi vinazunguka pamoja. Ukikanyaga pedali, mafuta yanasukumwa kutoka silinda ya juu, yanapita kwenye bomba na mpira, yanafika silinda ndogo ya chini iliyo kando ya giaboksi. Silinda hiyo inasukuma uma, uma unasukuma beringi, beringi inalegeza springi, na sahani inabaki huru. Hapo ndipo unabadilisha gia.

Shikeni mnyororo huo kichwani: pedali, silinda ya juu, mpira, silinda ya chini, uma, beringi, presha pleti, sahani. Tutaurudia.

Klachi yetu ilikuwa inateleza. Ukiwa gia ya nne kwenye mchanga unakanyaga mafuta, injini inapiga kelele, gari haliongezi mwendo. Kipimo chake ni rahisi: gari limesimama, breki ya mkono imevutwa, tia gia ya nne, ongeza mafuta kidogo, achia klachi taratibu. Injini ikizimika, klachi inashika. Yetu iliendelea kuunguruma kana kwamba hakuna lililotokea. Haya, hiyo imekwisha.

Kazi yenyewe

Nililipia vipuri kwa M-Pesa, vikaja kutoka Nairobi kwa basi kupitia Garissa: sahani, presha pleti na beringi. Kabla ya kufungua gari nilisoma kitabu cha ufundi kwenye simu mpaka nikakielewa. Kazi tulianza alfajiri ya Jumamosi chini ya mgunga, mimi na jirani mmoja kijana, kwa sababu ikifika saa sita mchana chuma chenyewe hakishikiki.

Sitaandika kila bolti, lakini haya ndiyo ya kuzingatia:

1. Gari lisikae juu ya jeki peke yake. Tuliweka magogo mazito pande zote mbili, tukalisukuma kwa nguvu kabla ya kuingia chini. Jeki ni ya kuinulia, si ya kukulinda.

2. Ondoa waya wa betri kwanza. Halafu betri, boksi la hewa, stata, kebo za gia. Mafuta ya giaboksi yamwage kabla ya kuvuta shafti za magurudumu.

3. Silinda ndogo ya chini ifungue boltini na uifunge pembeni kwa waya bila kufungua mpira wake. Na mtu asikanyage pedali! Tulifunga kitambaa chekundu kwenye pedali ili watoto wasije wakajaribu.

4. Injini iwe na kitu cha kuishikilia kabla ya kuondoa mkono wa giaboksi. Sisi tulitumia jeki ya pili na ubao.

5. Vumbi la klachi ya zamani usilipulize. Baadhi ya vipuri vya zamani vina asbesto, na hata visivyo nayo havifai kuingia kifuani. Futa kwa kitambaa chenye maji.

6. Sahani mpya ivalishe kwanza kwenye meno ya shafti ikiwa mkononi. Iteleze vizuri. Ilaze juu ya ile ya zamani ulinganishe upana. Dakika mbili tu.

7. Sahani ina upande wa injini na upande wa giaboksi. Ikigeuzwa, kazi yote ni bure. Nilipiga picha kabla ya kutoa ya zamani na baada ya kuweka mpya.

8. Bolti za presha pleti zikaze kidogo kidogo kwa kuvuka upande mmoja hadi wa pili kama nyota. Kwa Toyota ndogo kama hii kipimo ni 19 Nm, yaani si nguvu nyingi. Nati za magurudumu ni 103 Nm.

Namba 7 ndiyo nataka muikumbuke. Kwa kila hatua nilipiga picha kwa simu: waya, bolti, mpangilio, sahani. Picha zote zilikuwa na saa zake. Kazini tunaita kumbukumbu ya matukio, na kila mmoja wetu anajua thamani yake siku mambo yanapokwenda mrama.

Jumapili jioni gari lilishuka chini. Gia ya kwanza ikaingia, gari likaondoka kama jipya. Mlimani hakuna, lakini kwenye mchanga lilivuta vizuri sana. Kila mtu alifurahi.

Kisha likaanza

Siku mbili za kwanza gari lilitetemeka kidogo wakati wa kuondoka. Hilo sikulijali. Nyuso mpya zinahitaji kuzoeana, na kwa kilomita mia chache za mwendo wa upole kutetemeka huko huisha. Kweli kuliisha.

Lakini Jumanne mchana, baada ya mzunguko wa kuchota maji, rivasi ilikataa. Ukijaribu kuitia, inasaga: krrrr! Gia ya kwanza nayo ikawa nzito. Asubuhi yake, gari likiwa baridi, hakuna tatizo. Mchana tena, krrrr.

Wasomaji wa mjini huenda wakadhani rivasi ni ya kuegeshea tu. Kwetu sivyo. Ukizama kwenye mchanga wa laga, kinachokutoa ni kwenda mbele na nyuma, mbele na nyuma, mpaka tairi lipate njia. Bila rivasi unalala hapo. Na wiki ile ile shemeji yangu alikuwa na mimba ya miezi tisa, tukisubiri siku yoyote safari ya kwenda hospitali Wajir.

Adeer wangu, ambaye ameendesha malori njia ya Garissa kwa miaka mingi, alikuja akasikiliza ule msago, akatikisa kichwa. (Kwa wasiojua desturi yetu: adeer ni baba mdogo au mkubwa, naye akimwita mtoto wa nduguye humwita adeer pia.)

"Adeer, hiyo sahani imekaa vibaya. Fungua usiku huu, taa nitashika mimi."

"Adeer, picha ninayo. Upande wake ni sahihi, tazama."

"Picha haiendeshi gari."

"Kweli. Lakini tukifungua sasa, gari litakuwa juu ya magogo siku mbili. Na shemeji je?"

Alinyamaza. Nikamwomba saa moja tu ya kupima bila kufungua giaboksi.

Kugawa katikati

Wale wa programu mnaijua mbinu hii. Una matoleo mia ya msimbo, la kwanza zuri, la mwisho bovu. Husomi yote mia. Unajaribu la hamsini. Likiwa zuri, mdudu yuko mbele. Likiwa bovu, yuko nyuma. Kila jaribio linatupa nusu ya wasiwasi wako. Mnyororo wa klachi nao unagawika hivyo hivyo.

Jaribio la kwanza: zima injini, tia gia zote kuanzia ya kwanza hadi rivasi. Zote ziliingia laini. Kwa hiyo kebo na kijiti cha gia havina kosa. Shida inatokea injini ikizunguka tu, maana yake sahani haiachiliwi kabisa, bado inaburuzwa.

Jaribio la pili: injini inawaka, kanyaga klachi, hesabu hadi kumi, ndipo utie rivasi. Ilisaga, lakini kidogo zaidi. Ingekuwa sahani imegeuzwa au imepinda, tabia hiyo ingekuwepo hata asubuhi gari likiwa baridi. Yetu ilifuata joto. Chuma kilichowekwa upande mbaya hakijirekebishi usiku.

Jaribio la tatu: piga pedali mara tano haraka. Kama kuna hewa kwenye mafuta, kupiga pedali husaidia. Hakukuwa na tofauti. Hata hivyo tulitoa hewa yote na kuweka mafuta mapya ya breki, kwa kuwa mafuta haya hunyonya unyevu. Yale ya DOT 3 yakiwa mapya huchemka kwenye nyuzi 205, yakishanyonya maji huchemka kwenye 140. Rivasi ikaendelea kusaga.

Jaribio la nne ndilo lililoamua, na lilihitaji rula ya mtoto wa shule. Kijiti cha silinda ya chini kinaonekana kwa nje, kando ya giaboksi. Niliweka alama ya kalamu, jirani akakanyaga pedali hadi mwisho, nikapima kilivyosogea. Gari likiwa la moto: milimita 10. Kesho yake alfajiri likiwa baridi: milimita 14. Pedali ile ile, mguu ule ule.

Basi jamani, milimita nne zimekwenda wapi? Hakuna mafuta yaliyovuja, kiwango kwenye chombo hakikushuka. Na kipimo hiki kiko nje ya giaboksi. Chochote kilichomo ndani, sahani, beringi, presha pleti, hakiwezi kuiba mwendo wa kijiti kabla haujakifikia. Kwa rula moja nusu nzima ya mnyororo imetoka kwenye orodha ya watuhumiwa, tena ile nusu ambayo kuifungua kunachukua siku mbili.

Zilibaki silinda ya juu, mpira na silinda ya chini. Tulingoja jua lipande, tukaendesha mpaka rivasi ikasaga, tukagawa tena. Niliubana mpira kwa kibano chenye kitambaa karibu na mwanzo wake, upande wa silinda ya juu. Pedali ikawa ngumu kama jiwe. Silinda ya juu ni nzima. Nikahamisha kibano hadi mwisho wa mpira, karibu na silinda ya chini. Sasa silinda ya chini haipokei kitu, kwa hiyo pedali ilipaswa kuwa ngumu vile vile. Haikuwa. Ilizama kwa ulaini. Nikamwambia adeer ashike mpira kwa vidole huku jirani akikanyaga.

"Unavimba," akasema. "Kama koo la chura."

Huyo ndiye mdudu wetu. Mpira wa miaka mingi, umepikwa na joto la injini na la Wajir, ukipata moto unalegea. Unakanyaga, na badala ya kusukuma kijiti, mafuta yanautanua mpira.

Kwa nini klachi ya zamani haikulalamika?

Hili ndilo swali zuri, na ndilo lililompa adeer haki ya kushuku kazi yetu. Mpira ulikuwa umechoka tangu zamani. Kwa nini ulie baada ya klachi mpya?

Sahani mpya si bapa kabisa. Kati ya nyuso zake mbili kuna vipande vya chuma vyenye mawimbi, vinavyofanya kazi kama springi ili gari liondoke kwa ulaini. Ili sahani kama hiyo iachiliwe kabisa, presha pleti lazima irudi nyuma umbali wa kutosha kuyaacha mawimbi yatanuke na bado ibaki nafasi. Sahani iliyochakaa imeshalala bapa, inaachia kwa mwendo mfupi. Kwa hiyo milimita 10 ziliitosha ya zamani, lakini hazitoshi mpya. Klachi mpya haikuleta hitilafu yoyote. Ilidai haki yake kamili, na ndipo tukajua kwamba tulikuwa tunailipa nusu.

Mara ngapi tumeona hivi kwenye kompyuta? Unaweka hifadhidata mpya yenye kasi, ghafla mtandao unaonekana mbovu. Mtandao ulikuwa mbovu siku zote, ila ile ya zamani ilikuwa inakwenda polepole kiasi kwamba hakuna aliyegundua. Kipande kipya huwa kipimo cha vipande vyote vilivyobaki.

Usiku wa Alhamisi

Mpira mpya niliuagiza Nairobi Jumatano hiyo hiyo. Haukuwa umefika uchungu ulipomshika shemeji usiku wa Alhamisi.

Gari halikuwa juu ya magogo. Lilikuwa uani, zima kwa sehemu kubwa, na muhimu zaidi, tulijua linaweza nini na haliwezi nini. Tulijua baridi ya usiku iko upande wetu. Tulijua ikibidi kurudi nyuma tunazima injini, tunatia rivasi, tunakanyaga klachi, tunawasha. Tulijua mpira unavimba lakini hauvuji. Adeer akashika usukani, tukachagua njia ya kuzunguka mchanga mzito. Mara moja tu tulihitaji rivasi, tukafanya kama tulivyopanga. Mtoto wa kike alizaliwa Wajir kabla ya jua kuchomoza.

Siku mbili baadaye mpira ulifika. Kuubadilisha na kutoa hewa kulichukua chini ya saa moja. Nikapima tena: baridi milimita 14, moto milimita 14. Rivasi kimya.

Ya kuweka kwenye daftari

Kwa atakayebadilisha klachi nyumbani, haya ndiyo ya kuangalia gari likishafungwa:

Gia ngumu injini ikiwaka, laini ikizimwa: klachi haiachii. Pima mwendo wa kijiti cha silinda ya chini kabla ya kingine chochote. Pima baridi, pima moto.

Kupiga pedali kunasaidia: tafuta hewa au uvujaji kwenye mafuta.

Mwendo wa kijiti ni kamili na bado gia zinasaga: sasa ndiyo, shuku ya ndani.

Kelele inayokuja ukikanyaga pedali: elekea kwenye beringi ya klachi. Kelele inayokuwepo ukiwa huru bila gia na kuisha ukikanyaga: elekea kwenye beringi ya shafti ya giaboksi.

Kutetemeka siku za mwanzo: vumilia, endesha kwa upole. Kukiendelea wiki nyingi, tafuta mafuta au grisi kwenye sahani.

Na ukiagiza vipuri vya klachi kwa gari lenye umri kama hili, ongeza na ule mpira wa mafuta. Bei yake ni ndogo ukilinganisha na klachi, nao unasafiri kwenye basi lile lile.

Mwisho, rula iwekeni pamoja na spana. Spana inafungua, rula inakuambia kama kuna haja ya kufungua.